Ufunguo wa Shemeji

Shemeji yangu, kaka wa mume wangu, hajui kuandika hata mstari mmoja wa programu ya kompyuta. Nalisema hili mapema tusije tukapotezeana muda. Jitu zima lile hunipigia simu asubuhi kuniuliza faili alilolihifadhi sasa hivi limekwenda wapi. Ananipigia akiwa ofisini kwake, nami niko chumba cha pili, na kilichotutenganisha ni ubao mwembamba, kwa hiyo namsikia mara mbili, simuni na ukutani. Lakini kadi yake, ile anayogawa hata misibani, imeandikwa kwa herufi za dhahabu: Mkurugenzi Mtendaji, Mwasisi na Mbunifu Mkuu. Mbunifu! Kitu pekee alichowahi kubuni mtu yule ni hiyo kadi.

Kampuni yenyewe ni vyumba vichache juu ya duka la magodoro. Ukipanda ngazi unakaribishwa na harufu ya sponji, na mchana jua likichoma bati unaweza kudhani umeshonewa ndani ya godoro lenyewe. Chumba chenye dirisha na feni inayozunguka ni chake. Sisi wengine tunajipepea kwa makaratasi. Tunatengeneza programu za maduka ya dawa. Samahani, nirekebishe hapo: ninatengeneza. Shemeji anauza maneno, na mume wangu, ambaye ni naibu wake, anafuatana naye mikutanoni kumbebea mkoba na kutikisa kichwa pale panapotakiwa kichwa cha kutikiswa. Waandishi wengine wa programu waliajiriwa, wakakaa kidogo, wakamjua mwenyewe alivyo, wakatimka. Nimebaki mimi. Wateja wamemsikia akiniita shemeji, nao wakaniita shemeji, mpaka mabibi wenye maduka yao wananipigia, "Shemeji, mtambo umegoma huku."

Kitu chetu cha maana, kile ambacho watu wananunua, ni kifurushi kimoja tu. Kifurushi ni programu iliyofungwa pamoja na vikorokoro vyake, ili mtu aichukue nzima aiweke kwenye kompyuta yake. Hiki changu kinafanya hivi: mfamasia akiingiza dawa alizoandikiwa mgonjwa, kinamwambia kama kuna mbili zisizopatana, na mgonjwa akiwa mtoto, kinauliza uzito wake na kupiga kelele kipimo kikizidi. Nilikiandikia nyumbani, juu ya meza ya kulia chakula, kwa sababu ofisini nisingemaliza mstari bila kuitwa kutafuta faili la mtu. Vitabu vya dawa vilijaa mezani mpaka mume wangu akawa anakula sahani ikiwa mapajani. Hakulalamika. Alikuwa akinisomea majina ya dawa huku mimi nachapa, na akifika kwenye yale marefu ulimi unamgoma, anayakatakata vipande vipande mpaka tunacheka wote wawili machozi yanatutoka. Nilimpenda sana mtu yule siku zile, nisiseme uongo.

Kilipokwisha, balaa likahamia kwenye kukisakinisha, yaani kukiweka kwenye mashine za wateja. Wafamasia walinipigia simu wakiwa kaunta, wagonjwa wamepanga foleni, wananiuliza wabonyeze wapi. Nilisonya mpaka midomo ikaniuma. Mwishowe nikakaa kitako nikaandika kisakinishaji kinachofanya kila kitu chenyewe. Unaandika neno moja, unaweka ufunguo wa ghala, basi, unakunja mikono. Kinatafuta kinachokosekana, kinarekebisha kilichoharibika, na kinaongea nawe Kiswahili cha watu: Subiri kidogo. Usizime mashine. Tayari. Niliringa nacho weee! Nilisema anayeshindwa kusakinisha hiki, basi hata mlango wa choo unamshinda.

Sasa hilo ghala. Vifurushi vyetu havikai hadharani ambako kila mpita njia anajichukulia. Vina ghala lao la faragha huko mtandaoni, na mlango wake unafunguliwa kwa ufunguo, yaani mstari mrefu wa herufi na tarakimu usio na kichwa wala miguu. Kwa kawaida ya kazi hii kila mtu hupewa ufunguo wake, wenye jina lake, ili ghala liandike nani ameingiza nini na nani amechukua nini. Kwetu sisi ufunguo ni mmoja, na ni wa shemeji. Ghala alilifungua yeye kwa sababu kadi ya benki ilikuwa yake, na tangu siku hiyo ameukalia kama kuku aliyeatamia.

Tena una sherehe yake, we acha tu. Kompyuta ikihitaji ufunguo, mnamwita. Anakuja taratibu, anavuta kiti, anakunja mikono ya shati, halafu anatangaza, "Geukeni." Nasi watu wazima na digrii zetu tunageuka, tunatazama ukuta, huku nyuma yetu kidole kimoja kinadonoa kibodi, do, do, do, mpaka kimalize. Ameukariri wote. Mtu asiyekumbuka siku aliyofunga ndoa, mstari ule ameukariri wote bila kukosea hata nukta. Akimaliza anasema, "Endeleeni," na anatoka amevimba kama daktari aliyemaliza upasuaji.

Nilishamwomba anifungulie wangu. Nilimwomba ana kwa ana, nikamwandikia, nikamwomba na mbele ya mume wangu. "Shemeji," aliniambia, "ufunguo wa nini baina ya ndugu? Sisi ni wageni?" Mkono wa birika tu yule, kila ufunguo mpya unalipiwa. Basi kila mstari nilioandika juu ya ile meza yetu, ulipoingia ghalani, uliingia kwa jina lake.

Ndipo wakaja wanunuzi, kampuni kubwa yenye maduka ya dawa kila mji. Walikitaka kile kifurushi, na zaidi ya hapo walimtaka mwandishi wake. Sharti lao lilikuwa wazi: aliyekiandika ahamie kwao, apewe idara na watu, akitunze na kukikuza. Sijawahi kutaka kitu maishani mwangu kama nilivyoitaka kazi ile. Niliota chumba changu, watu wanaojua wanachofanya, na ukuta wa matofali badala ya ubao.

Habari hiyo shemeji alitutangazia kwa mama mkwe, siku tumekusanyika wote sebuleni. "Wananihitaji," alisema, amejiegemeza kwenye kochi. "Nimewaambia nitawafikiria."

Nikadhani sikusikia vizuri. "Si wanamhitaji aliyekiandika, shemeji?"

"Ndiyo hivyo."

"Niliyekiandika ni mimi."

Akanichekea kicheko cha huruma, kile cha kumchekea mtoto aliyevaa viatu vya baba yake. "Shemeji, shemeji. Wazo lilikuwa la nani? Wewe ulichapa tu."

Nilichapa tu! Nilitaka kumrushia kikombe. Mama mkwe akanipapasa bega, akaniomba nisitie fitina kati ya wanawe. Nikamtazama mume wangu aseme neno, na mume wangu alikuwa ameinama anatafuta kitu chini ya kochi.

Njiani kurudi nyumbani nikamwasha kwa swali. "Ulikuwa unatafuta nini chini ya kochi?"

"Kiatu."

"Si umekivaa?"

"Bibie," akasema, "pale hapakuwa mahali pake. Mama yupo, watoto wapo. Siku ikifika ya kuulizwa rasmi nitasema nilichokiona. Mimi si nilikuwepo?"

Nikapoa. Kesho yake nikawapigia wanunuzi mwenyewe, nikawaambia mwandishi wanayetaka kumchukua siye. Hawakubishana nami wala hawakuniamini. Walisema watamtuma mkaguzi.

Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, maneno yake ya kuhesabu. Tulimkaribisha kwenye chumba cha mikutano, yaani meza mbili zilizounganishwa, katikati kuna ufa uliokwisha kumeza kalamu za wageni wengi. Shemeji alivaa suti ambayo vifungo vyake vilikuwa vinapigania uhai. Akaanza na maono yake, akaenda kwenye safari yake, akarudi kwenye maono. Mume wangu akatikisa kichwa mahali pote palipotakiwa. Nilikuwa nimeketi naye bega kwa bega na sikuwa na wasiwasi wowote.

"Nimeshalipitia ghala lenu, mkurugenzi alinifungulia," mkaguzi akasema shemeji alipotua kuvuta pumzi. "Kumbukumbu zinasema kifurushi chote, mwanzo hadi mwisho, kimeandikwa na huyu bwana."

"Ni kwa sababu ufunguo ni mmoja," nikasema. "Tunautumia wote. Ni wake."

"Kuna mahali mmeandikiana hivyo?"

"Hakuna. Ni mambo ya kindugu."

Akaandika. Shemeji akaniangalia kwa upole, yule mnafiki, kama anayeniombea.

"Basi tuulize kilichomo ndani," nikasema. "Mimi na yeye. Uliza popote, kila mtu aeleze."

Mkaguzi akatikisa kichwa. "Dada, atasema ameandika zamani na amesahau. Na wewe umekitunza siku zote hizi, utakijua hata kama hukukiandika. Halafu mimi si mwandishi wa programu. Ninaandika ninachokiona na ninachoambiwa."

Haya, nikafikiri, kama ni vya kuona, utaona. "Una kompyuta tupu?" nikamuuliza.

Alikuwa nayo mkobani, mpya, haina kitu. Hata yeye alikuwa amekusudia kukisakinisha kifurushi mbele yetu ili aone kama kweli kinakaa mahali pageni.

"Basi mpe yeye," nikasema. "Asakinishe kilicho chake. Asiguswe wala asisaidiwe."

Shemeji akaanza kuvikagua vifungo vya suti yake kimoja kimoja. Lo! Raha niliyoisikia, kusema kweli, nilitamani muda usimame hapohapo. Mtu huyu aliwahi kuniita niwashe kompyuta ambayo haikuwa imechomekwa kwenye umeme. Aliwahi kupiga skrini makofi akidhani inamsikia. Nilijiegemeza kitini nikakunja mikono, nikamngoja aumbuke.

Mkaguzi akamsogezea mashine. Shemeji akaitazama kitambo. Halafu akaandika lile neno la kuanzisha kisakinishaji, kidole kimoja, herufi baada ya herufi, na akalipatia. Mwanzo sikuelewa amelijulia wapi. Kisha nikakumbuka ule ubao. Siku zote nilizokuwa nikiwaelekeza wafamasia simuni, naye alikuwa upande wa pili ananisikiliza bila kutaka.

Mashine ikamwomba ufunguo wa ghala. Bwana akavuta kiti. Akakunja mikono ya koti, shati likatokeza. "Geukeni," akasema.

Mkaguzi akashangaa, lakini akageuka. Mume wangu akageuka. Na mimi, Mungu ananiona, nikageuka pia, nikaanza kutazama ukuta kama nilivyozoea. Nyuma yetu nikasikia do, do, do.

Nikajiambia kuna jambo litamshinda tu. Mashine ngeni haikosi visa. Na kweli, tulipogeuka tena, kulikuwa na kitu kimekosekana kwenye ile kompyuta, na kazi ilikuwa imesimama. Shemeji akakodoa macho. Mikono yake ilikuwa hewani, hajui aipeleke wapi.

Ndipo yakatokea maneno kwenye skrini, naye akayasoma kwa sauti: "Kuna kitu kinakosekana. Usihangaike, nakitafuta."

Yalikuwa maneno yangu. Niliyaandika kwa ajili ya bibi mmoja mwenye duka aliyekuwa akilia simuni kila mashine ikisita. Nikaomba, na sijawahi kuomba kwa dhati vile, kifurushi changu mwenyewe kivunjike hapohapo mbele za watu. Hakikuvunjika. Nilikuwa nimekitengeneza vizuri mno. Kikakitafuta kilichokosekana, kikakipata, kikakiweka, kikaendelea kuteremka kutoka ghalani mstari kwa mstari, huku lile bozi limekunja mikono kama nilivyowafundisha wateja wote wafanye.

"Tayari," akasoma shemeji. Akaujaribu mbele ya mkaguzi mfano wa mtoto mchanga na dawa ya homa, kipimo kikubwa makusudi. Kifurushi kikapiga kelele. Mkaguzi akainua nyusi, ameridhika.

"Na wewe, dada," akanigeukia. "Fanya na wewe, kwa ufunguo wako."

"Sina ufunguo wangu."

"Jaribu kwa jina lako basi."

Nilijua kitakachotokea lakini nikajaribu, nisionekane nimekataa. Ghala likajibu kwamba mtumiaji huyo hayupo. Shemeji akasonya kidogo kwa masikitiko. "Ningekusaidia, shemeji," akasema, "lakini utaratibu ni utaratibu."

Nilimtazama yule mtu nikaona kwamba hata haoni haya. Nadhani kufikia hapo alikuwa ameshaamini mwenyewe kwamba amekiandika. Hilo ndilo lililonikera kuliko wizi wenyewe.

Mkaguzi akavua miwani akaifuta. Hakuwa mjinga, na nadhani alikuwa na shaka yake. "Dada," akasema, "kumbukumbu zinasema yeye. Mashine imemkubali yeye. Kilichobaki ni mtu. Kuna mtu yeyote aliyekuona ukikiandika?"

"Yupo," nikasema, na pumzi zikanirudia zote. "Huyu hapa ubavuni kwangu."

Mkaguzi akavaa miwani tena. "Bwana, wewe ni nani hapa?"

"Naibu mkurugenzi," akasema mume wangu. "Ni mume wa huyu. Na ni mdogo wa huyu."

"Umekaa mahali pabaya," mkaguzi akasema bila kutabasamu. "Ulimwona mkeo akikiandika kifurushi hiki?"

Mume wangu akanitazama. Akamtazama kaka yake, ambaye hakuwa amemkunjia uso wala nini, alikuwa anashusha tu mikono ya koti lake. Chini dukani mtu alikuwa anabishana na muuzaji juu ya unene wa godoro, tukawasikia vizuri sana.

"Tuliandika sote," akasema. "Ni kazi ya familia."

"Sikukuuliza hivyo."

"Kila mtu alitoa mchango wake. Hata mimi. Mimi ndiye niliyekuwa nasoma majina ya dawa."

Mkaguzi akaandika. Akaomba nafasi aipange taarifa yake, na shemeji alikuwa ameshatoka nje, anampigia mama yake simu, sauti juu.

Nikaenda pale kwenye jagi la maji, kwa sababu ndipo miguu iliponipeleka. Mume wangu akanifuata. Alisimama karibu, akashusha sauti.

"Bibie, ningefanyaje? Ni kaka yangu. Amenisomesha."

Nikanywa maji.

"Halafu lifikirie vizuri, usikasirike kwanza. Akihamia kule, hapa nani anabaki? Ameshaniambia. Nabaki mimi, mkurugenzi. Chumba chenye dirisha kinakuwa chetu. Wewe utakuwa mke wa mkurugenzi."

"Amekuambia lini?"

"Siku ile. Kwa mama. Tulipokuwa tunaondoka."

Kwa hiyo njia nzima, kila neno aliloniambia kuhusu kuulizwa rasmi, tayari alikuwa na kiti mfukoni. Nilimtazama. Mwaka hadi mwaka nimemdharau kaka yake, na nilikuwa naifurahia dharau ile, nilikuwa naitumia kuchekesha watu. Hii mpya haikuwa na kicheko ndani yake. Nilimwona mdogo, mwenye kola iliyopigwa pasi vizuri, na niliyeipiga pasi ni mimi.

"Kaka yako ni mwizi," nikamwambia. "Lakini ni mwizi asubuhi na jioni, hakunificha hata siku moja. Wewe ulikula mapajani ili nipate meza. Ulikuwa unaniangalia."

"Nilikuwa nakusaidia."

"Ndiyo. Umeshamweleza mkaguzi ulivyonisaidia. Twende, wanatungoja."

Tulipoingia, shemeji alikuwa amerudi kitini, uso unang'aa. "Shemeji," akaniambia kwa ukarimu mkubwa, "nimemweleza dada hapa kwamba sisi hatutupani. Nitakwenda na wewe kule. Utakuwa msaidizi wangu."

"Nimeliandika kama pendekezo," mkaguzi akasema. "Kwa sababu mwandishi ataanza kazi mara moja. Wafamasia wetu wana maswali mengi, na kuna mabadiliko wanayoyataka ndani ya kifurushi. Unakubali, dada?"

"Sikubali. Mwandishi mnaye. Anajitosheleza."

Tabasamu la shemeji likabaki usoni lakini mwenyewe alikuwa ameshalihama. "Shemeji, usiwe hivyo bwana."

"Hivyo vipi?"

"Sasa hayo mabadiliko yakija, itakuwaje?"

Mkaguzi akainua macho kutoka kwenye karatasi zake. "Itakuwaje kwa nani, bwana?"

Hakuna aliyemjibu. Akasubiri, kisha akainama akaliandika na hilo, na alichukua muda mrefu kuliandika. Shemeji akaanza kujifuta jasho shingoni. Mume wangu akanikanyaga mguu chini ya meza, kidogo, kama anavyofanya tukiwa ugenini anapotaka niseme ndiyo. Nikauondoa mguu wangu.

"Majina yenu kamili, nifunge," mkaguzi akasema.

Shemeji akataja yake, na vyeo vyote juu yake, ingawa sauti ilikuwa imepungua. Mume wangu akataja yake. Mimi nikataja langu, la baba yangu, na la babu yangu mzaa baba, polepole, ili aandike bila kukosea.

Mume wangu akakohoa. "Bibie, umesahau jina letu."

"Sijasahau," nikamwambia, nikachukua mkoba wangu.